Saa Saba na Dakika Kumi

Jina lenyewe lilikuwa kichekesho: Redio Bondeni,
na mlingoti wake juu ya ghorofa ya nne,
kwa sababu mawimbi, alivyotufunza Fundi Kassamali,
hayapendi kupanda; yanataka kuteremka.
Tulifungua mwezi wa masika.
Chini yetu duka la vipuri vya friji,
ukutani trei za mayai, mia mbili na arubaini.
Nilizihesabu mimi, maana niliziokota mimi
kwa wauza chapati wa Makadara,
na siku za kaskazi studio ilinuka kuku.

Saa kumi na moja alfajiri, mawaidha.
Saa moja, bei ya samaki: changu, tafi, pono,
na Swafiya akimtaja nguru kwa sauti
ya mtu aliyemkosa jana.
Saa nne mapishi. Saa kumi mpira.
Alhamisi usiku kadi za salamu,
kadi shilingi kumi, majina ishirini,
na mtu mmoja wa Kisauni akimaliza zake
kwa "yule anayejijua mwenyewe",
wiki thelathini na nane mfululizo,
hadi nusu ya mji ikajijua.

Mimi nilikuwa saa saba na dakika kumi.
Vifo.
Sikuwa na muziki wa kunitangulia. Nilikohoa kidogo tu,
na kikohozi hicho, waliniambia,
ndicho kilichonyamazisha watu siniani, tonge mkononi.
Jina, jina la babake, mtaa,
nduguze wa Lamu na wa Jomvu,
maziko baada ya alasiri, Kikowani;
au ibada Jumamosi, kisha safari ya Kaloleni.
Habari zilikuja zimeandikwa juu ya chochote:
risiti ya umeme, kifuniko cha boksi la viatu,
na mara moja kiganjani mwa mtoto
aliyepanda ghorofa zote nne mkono wazi,
akiupepea,
jasho lisimfutie babu yake.

Nilikosea siku moja. Nikamzika Mbwarali Shee wa Majengo
mahali pa Mbwarali Shali wa Mjambere.
Simu ikalia kabla sijageuza karatasi.
"Binti, mimi ndiye marehemu.
Nipo, nala wali. Lakini watu washaleta mikeka,
na shemeji yangu, ambaye hatusemezani mwaka wa sita huu
kwa ajili ya ukuta wa choo,
yuko mlangoni analia kama mtoto.
Usisahihishe kwanza. Nipe nusu saa."
Nikampa.
Wa Mjambere waniwie radhi; walisubiri kidogo,
na maiti wao hakuwa na haraka.

Kisha akafa Nassor Twaha, mwenye redio.
Nilimsoma yeye pia. Nilikohoa mara mbili.
Wanawe wakauza, na waliokuja
walikuja na kompyuta inayojua nyimbo elfu tisa
na haijui Jomvu iko wapi.
Trei ziling'olewa, pakabandikwa sponji nyeusi.
Vifo, wakasema, vinafukuza matangazo ya soda.
Fundi Kassamali aliondoka na bisibisi yake mfukoni
na kijiti cha kulehemu ambacho, nadhani, hakikuwa chake.
Saa hiyo yangu sasa ni ya kijana na mwenziwe.
Wanacheka. Sijapata kujua wanacheka nini.
Wana sauti nzuri, lazima niseme,
na mjukuu wangu anawapenda.

Kwa hiyo siku hizi watu wanakufa Mombasa
na mimi nasikia baada ya hitima,
dukani, kwa bahati, wakati wa kurudishiwa chenji.

Ila juzi, Marikiti, kwenye magunia ya pilipili,
vumbi likanipanda kooni.
Nikakohoa.
Muuza nazi akashusha panga lake polepole.
Mwanamke wa binzari akaacha kupima,
mkono wa mizani ukabaki ukicheza hewani.
Akanitazama.
"Nani?" akauliza.